Jibu la Swali la Tisa

418 Mtaa wa Tatu,
Hancock, Michigan.
Machi 16, 2014.

Mpendwa dada Martta,

Salamu kwako na kwa wote mlio chini ya paa moja huko Anchorage. Natumaini goti lako limekubali kukunjika tangu upasuaji, na kwamba shemeji Leif ameacha kupanda ngazi na koleo kutoa theluji paani kana kwamba ana miaka ishirini. Huku tu wazima. Theluji imefika vizingiti vya madirisha na haina dalili ya kuondoka. Shangazi Aili alitimiza miaka themanini na tisa mwezi uliopita. Anakula vizuri, na kila Jumamosi anaingia sauna na kukaa humo mpaka mimi nimeshindwa na joto na kutoka.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu jambo hili ningelipitia mbiombio. Majibu ya maswali yako yamepotea. Niliyeyafuta ni mimi.

Oktoba ulimtumia shangazi barua pepe yenye faili ya maswali kumi na tisa juu ya baba yako, baba mdogo Toivo, aliyefariki ukiwa na miaka minne, kabla jamaa za mama yako hawajakuchukua kwenda Alaska. Uliniambia kuwa hata ukijibiwa moja tu, la tisa, litakutosha: baba alikuwa akikuita jina gani nyumbani. Ulisema unakumbuka koti lake na kikohozi chake, ila jina hulisikii.

Shangazi alijibu. Majira yote ya baridi, baada ya kahawa ya asubuhi, alikaa mbele ya kompyuta yake kuukuu akaandika kwa vidole viwili. Nilipochungulia begani kwake alinifukuza. "Umewahoji watu miaka arobaini na moja, Arvo. Haya si maswali yako. Kanywe kahawa." Kwa hiyo sikusoma hata mstari mmoja, na leo siwezi kukusimulia.

Kufikia Februari mashine ile ilikuwa imechoka kabisa. Niliipima kwa saa: dakika kumi na moja kuwaka. Shangazi alisema akiiwasha anaweza kuoka mkate wa iliki na kuumaliza kabla haijaamka. Diski ilikuwa imejaa faili za muda, zile ambazo mashine hujitengenezea kwa kazi ya saa moja kisha ikasahau kuzitupa. Nikajitolea kuisafisha.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane. Nilifunga programu zote. Nikanakili nyaraka zake na picha kwenye flashi. Folda za mfumo wenyewe sikuzigusa. Kisha nikatumia kifaa cha usafi kilichokuja na mashine, kikatoa nafasi kidogo tu. Mpaka hapo sina la kujutia.

Halafu nikafungua folda ambamo programu ya barua pepe huweka nakala za muda za viambatisho. Zilikuwamo faili zaidi ya elfu moja na mia tisa, nyingine za mwaka 2007. Moja ilikuwa na jina lako. Niliiona, Martta, nikasimama. Nilirudi kwenye barua pepe, nikaikuta ile uliyoituma na kiambatisho chake, jina lilelile. Nikahitimisha kwamba hii ya kwenye folda ni nakala tu. Nikapaza sauti kuelekea jikoni: "Shangazi, kila unachokihitaji kimo kwenye nyaraka zako?"

"Kila kitu kipo nilipokiweka," akajibu.

Nililipokea hilo kama jibu. Mwandishi mchanga gazetini angeniletea jibu kama hilo ningemrudisha akaulize tena.

Nikafuta zote, moja kwa moja, bila kupitia pipa la taka, kwa kuwa nilitaka nafasi siku ileile. Kisha nikaiamuru mashine ipange upya diski nzima, kazi ya saa tatu. Ilipowaka tena ilitumia dakika mbili. Shangazi akanipa kipande cha mwisho cha mkate.

Ukweli ni huu. Shangazi aliifungua faili yako akiwa ndani ya barua pepe, akaandika humohumo, akabonyeza kuhifadhi. Mashine ikaihifadhi pale ilipokuwa, kwenye folda ya muda, na kila asubuhi aliifungua kutoka kwenye orodha ya faili za karibuni. Kwake mambo yalikwenda sawa. Ile iliyobaki kwenye barua pepe ina maswali yako tu, na chini ya kila moja pako wazi. Kando ya kila jina la faili palikuwa na tarehe. Moja ilikuwa ya Oktoba, nyingine bila shaka ya jana yake. Nililinganisha majina, tarehe sikuzitazama.

Jumatatu alinipigia simu. "Arvo, barua yangu ya Martta umeiweka wapi? Hii inaniambia haipo." Nilijua kabla hajamaliza kusema.

Nilivuka daraja kwenda Houghton kwa fundi, Roland Bergeron. Alinisikiliza, akavua miwani. "Mzee, kufuta peke yake ningekusamehe. Faili ikifutwa bado ipo mpaka kitu kingine kikalie mahali pake. Wewe umeifuta, halafu ukahamishia kijiji kizima juu yake! Mbona hukuizima tu ukaniletea?" Alihangaika nayo siku kumi na moja. Alipata vipande vya majibu matatu: la pili, la kumi na nne, na nusu ya la kumi na saba. Nimeviambatanisha kama vilivyo. Utaona kwamba baba yako aliogopa farasi na kwamba alikuwa akitia chumvi kwenye kahawa. La tisa halimo.

Kompyuta yako ina umri kama wa hii, na najua siku moja utaisafisha. Kiambatisho chochote kihifadhi kwanza kwenye folda yako ndipo ukiandike. Ukifuta, angalia tarehe kwanza, na ulivyofuta viache kwenye pipa la taka wiki mbili. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusubiri dakika kumi na moja.

Nilimwomba shangazi aandike upya. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema mengine atajaribu, ila la tisa hana.

"Nililikumbuka Desemba nikikanda unga," alisema. "Nikanawa mikono upesi, nikaenda kuliandika. Nikasema, haya, limeshaandikwa, sasa naweza kulisahau. Na nimelisahau, mwanangu."

Tangu hapo kila asubuhi anajaribu. Hutaja jina, hulirudia polepole, kisha hutikisa kichwa. Kufikia leo ametaja saba. Nimeyaandika kwenye daftari langu na tarehe zake. Alhamisi alichoka. "Mwandikie hilo la jana. Ni jina zuri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, na wewe utajua."

"Mimi kufikia Jumapili nitakuwa nimesahau," akasema, akacheka. Kisha akasukuma kikombe, akasema, "Hapana. Usimwandikie."

Leo ndiyo Jumapili, na hajasahau. Ameniuliza mara mbili kama nimekuandikia. Hata yale saba sikutajii. Nikikutajia moja utalisikia kwa sauti ya baba yako, hata kama si lake, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kututenganishia la kweli na la kubuni. Siku ukilikumbuka wewe mwenyewe, niandikie kabla hujamuuliza yeye, nami nitalitafuta daftarini.

Nisalimie shemeji Leif, Ingrid na mumewe, na mwambie Ossian kwamba kisu alichonitumia kinakata vizuri. Shangazi anakusalimu na anasema njoo kiangazi, goti likikuruhusu, ukamuulize ana kwa ana. Mungu akulindie goti, nyumba na wote waliomo.

Nisamehe, dada. Uliuliza jambo moja, likajibiwa, na jibu likakaa nyumbani kwa shangazi miezi miwili nami nikipita mlangoni kila siku.

Nduguyo akupendaye na aliyekukosea,
Arvo