Mwenye Skafu na Boriti za Paa la Bibi

Ijumaa, mwisho wa Novemba. Upepo tangu asubuhi. Mawingu yamefika mpaka juu ya Unyambwa, yametutazama, yamerudi zake bila kutoa hata tone.

Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Ukurasa huu una wasomaji wachache sana, na wote mnakuja kwa ajili ya anime. Basi nitaanzia huko huko, ingawa sitaishia huko.

Tangu nimalize kidato cha nne sina kazi nyingine ila kumsaidia Bibi na kufikiria migeuko, yaani pale hadithi inapokugeuzia uso ghafla. Nimekuwa nikiipanga kichwani. Kuna ule wa mtu aliyekufa, ukamlilia mpaka kichwa kikauma, halafu siku moja anatokea mlangoni na kovu. Huo siupendi, naona kama nimeibiwa machozi. Kuna ule wa kijiji kizima kuwa ndani ya ndoto ya mtu mmoja. Kuna ule wa muda kuzunguka, mwisho ukawa mwanzo, na bila kuchora kwenye karatasi huelewi. Kuna ule wa adui kumbe ni ndugu.

Na kuna mmoja ninaouweka juu ya yote. Hakuna anayefufuka, hakuna upanga unaochomolewa. Unaambiwa neno moja tu, na vipande vyote ulivyokwisha kutazama vinabadilika vyenyewe nyuma yako.

Leo nimeupata huo. Haukutoka kwenye simu.

Niwaeleze kwanza tunavyotazama. Mimi ni mtu wa kimya. Darasani nilikuwa nikijibu swali, mwalimu anauliza, "Nani kajibu?" Lakini Bibi hajui Kiingereza, na maandishi ya chini ya picha ni ya Kiingereza, kwa hiyo mimi humsomea kwa Kiswahili. Nikiwa natafsiri mimi si mimi. Nakuwa jenerali, nakuwa mtoto, nakuwa hata farasi. Bibi hubangua karanga za mbegu kwenye ungo na kuwapa watu majina yake mwenyewe, maana ya Kijapani anasema yanamteleza ulimini.

Tunatazamia ndani ya tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, boriti zake nyeusi kwa moshi wa miaka. Nje kuna nyumba mpya ya tofali na bati ambayo Baba Mdogo amemjengea. Bibi hajalala humo hata mara moja, anasema bati linamkaanga. Kesho Baba Mdogo anakuja na mafundi kulibomoa tembe ili uwanja uwe safi, na boriti zitaingia kwenye tanuru kuchoma tofali za jiko. Ameshasema, na Bibi aliitikia, "Sawa." Kesho hiyo hiyo ataniletea zawadi yangu ya kumaliza shule, simu mpya, maana hii yangu kioo kimepasuka na kila mtu kwenye anime anaonekana ana nyufa usoni.

Kwa hiyo leo ilikuwa mara yetu ya mwisho kutazamia humo. Tulifika sehemu ya kumi na tisa.

Kwa ambaye hajaiona: jeshi limechoma kijiji cha Binti. Mwanaume mmoja mwenye skafu shingoni anamkuta njiani, anamlea, anamfundisha upanga, anambebea mizigo, hataki asante. Wote tunampenda. Leo Binti amekuta kipande cha skafu ile ile kwenye majivu ya nyumba yao.

Ni yeye. Mwenye Skafu ndiye aliyeshika mwenge.

Nilipiga kelele, simu ikaangukia kwenye karanga. Bibi aliiokota, akaipangusa kwa khanga, akaendelea kubangua.

"Bibi, hushtuki?"

"Nishtuke nini? Nilijua tangu siku ile alipopewa maji."

"Maji gani?"

"Mwanzoni kabisa. Binti alimpa maji, akanywa ameangalia pembeni. Mtu anayekunywa maji yako bila kukuangalia usoni ana jambo na wewe."

Nilicheka. Nikamwambia angekuwa mpelelezi. Naye, huku anaichungulia karanga moja kama ina mdudu, akasema, "Mume wetu alikuwa hivyo hivyo."

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, kwa utani. Babu aliniita mke wake mdogo mpaka alipofariki, nikiwa darasa la sita. Akitoka porini alikuwa na furu mfukoni, yale matunda meusi ya mwituni, zangu peke yangu, na Bibi alijifanya ana wivu. Basi nilijibu kama tunavyojibizana siku zote.

"Usimsingizie mume wangu. Alikuwa mpole."

"Mpole, ndiyo. Na ndiye aliyepanda juu ya nyumba ya baba yangu akalitoa paa, mama akiwa ndani na mtoto mchanga."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Shuleni tuliisoma, nilijibu swali lake kwenye mtihani na nikapata alama zote, na sikuwahi kufikiri kwamba ilimkuta mtu ninayemfahamu. Nyumba yao ilikuwa kule juu kwenye mawe. Watu wote waliambiwa wahamie barabarani, kwenye kijiji kipya cha Ujamaa. Baba yake Bibi hakukataa. Aliomba siku chache tu, kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua na kwetu mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Mgambo walikuja kabla hakijadondoka. Walikuwa vijana wa kijiji cha jirani. Wakamtuma juu mmoja aliyekuwa mwepesi kuliko wote, ili paa lisije likamtumbukiza.

Tembe halitolewi paa kama nyumba ya bati. Unaanza kulima. Unalilima udongo wa juu kwa jembe mpaka ukutane na nyasi, ndipo unazifikia boriti. Bibi alisema udongo ulikuwa ukimwagikia kitandani, na mama yake alimfunika mtoto kwa mgongo wake.

Kule barabarani hapakuwa na nyumba, palikuwa na kibanda cha nyasi walichokisimamisha wenyewe. Mvua zilianza wiki hiyo. Mtoto alishikwa na kifua.

"Alikuwa wa kiume," Bibi alisema. "Hakuwahi hata kupewa jina."

Na alikuwa anabangua tu. Tak. Tak. Tak.

Nilitaka aache. Nilitaka kurudisha nyuma, kama ninavyofanya kwenye simu.

Halafu, alisema, mvua zilipokatika yule kijana alitokea barabarani na boriti begani. Ametoka nayo kule kwenye mahame, kwenye mawe. Akaitua uwanjani kwao, akaondoka bila neno. Kesho yake akaja na nyingine. Baba yake Bibi hakuitikia salamu yake. Hakuna aliyemtuma. Aliendelea mpaka boriti za nyumba nzima zikawa pale chini, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyezigusa. Baba yake alisema hawezi kulala chini ya miti iliyoshikwa na mkono ule.

Siku moja Bibi alimpa maji. Alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi kidogo.

"Ulimpenda?"

"Nimpende nini! Jua lilikuwa kali, na mwenye kiu ni mtu. Akanywa ameangalia pembeni."

Miaka ikapita, akaja kuposa. Baba yake alimwita Bibi peke yake, akamuuliza, na Bibi akakubali. Yule mzee akamwambia: basi nenda, na miti yako uichukue.

Ndiyo hii, boriti za tembe hili. Nilikuwa nimekaa chini yake.

Nilimuuliza kwa nini alikubali. Swali hilo lilinitoka kwa hasira, na sijawahi kumuuliza Bibi kitu kwa hasira. Hakunikemea. Alipuliza maganda kwanza.

"Walikuwa wengi walioshusha mapaa, mke mwenza. Wengine tulikutana nao kisimani, wanatusalimia, wanacheka, habari za asubuhi. Yeye peke yake ndiye aliyeshindwa kuniangalia."

Basi vipande vyote vikaanza kubadilika nyuma yangu.

Babu mzee, magoti yanalia, anapanda juu ya paa kila mwaka kabla ya mvua kuongeza udongo, na hataki mtu mwingine apande. Baba anamfokea kutoka chini, "Baba shuka, utavunjika!" Hashuki. Tulisema ni ubishi wa uzee. Babu mvua ikinyesha anazunguka ndani anagusa boriti kwa kiganja, moja moja, kama anayehesabu ng'ombe. Babu hawezi kumbeba mtoto mchanga. Kila mjukuu akizaliwa anatoka nje, na sisi tunacheka kwamba anaogopa kukojolewa.

Nilikuwa nimemtazama mtu huyu miaka yote na sikuelewa hata sehemu moja.

Ndipo nilipoangalia juu nikakumbuka kesho.

"Bibi! Kesho wanazichoma!"

"Najua."

"Mwambie Baba Mdogo!"

"Nimwambie nini? Kwamba baba yake alifanya nini?" Alinikazia macho. "Wanangu wana baba mmoja tu, na wamemzika vizuri. Usije ukawaambia. Miti ni miti."

Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama tangu aanze kusimulia.

Hapo nilishtuka kuliko kwenye sehemu ya kumi na tisa. Alikuwa tayari kuziacha ziungue zote ili wanawe waendelee kumpenda baba yao. Mtu pekee aliyejua ni mimi, na mimi sijawahi kumpinga mtu mzima hata kwenye bei ya nyanya.

Nilitoka nje. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la tanuru. Nilisimama nyuma ya tembe na simu mkononi mpaka nikaona aibu kusimama. Nikapiga.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba. Nani? Ni wewe? Kuna msiba?"

Sijawahi kumpigia. Nikamwambia hakuna msiba, ni kuhusu zawadi yangu.

"Ahaa! Nimeshaiona dukani. Ya bluu, kioo kama sinia!"

Kioo kama sinia. Nilifumba macho.

"Siitaki, Baba Mdogo. Naomba boriti za tembe la Bibi. Zote. Zisichomwe."

Nilisikia mashine yake ya kukamua alizeti inanguruma peke yake. Halafu alicheka mpaka akakohoa.

"Boriti? Umeposwa na fundi nini?"

"Hapana."

"Sasa za nini, mtoto?"

Hapo nikagundua sina sababu ninayoweza kuitaja. Ninayo moja tu, na nimekatazwa. Sijui jibu lilitoka wapi, labda kule ninakotoa sauti ya Binti.

"Mimi ni mke wa Babu," nikasema. "Kila mtu anajua. Mume akifa, nyumba ni ya wake zake. Mke mkubwa amekubali ibomolewe, mimi sikuulizwa."

Nilidhani amekata.

"Loo!" akasema. "Huyu ni yule asiyeongea? Kumbe nina mama mdogo na sikumpa heshima yake! Haya mama, nimeshindwa. Lakini tanuru langu nitalichomea nini?"

"Maganda ya alizeti. Yamejaa nyuma ya mashine yako mpaka kuku wanapotelea humo."

Alicheka tena, akasema simu basi hakuna, nisije kulia kesho, na boriti nizipange mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nikasema asante. Nikakata simu.

Sijui kama nimemsamehe Babu. Nikimfikiria na furu zake mfukoni, najisikia kulia. Nikiufikiria udongo unaomwagikia kitandani, najisikia kulia tofauti. Sijui hata kama mimi ni wa kusamehe au kutosamehe, maana aliyefunikwa kwa mgongo hakuwa mimi. Kwenye anime, Binti ana sehemu tano zilizobaki za kuamua. Bibi aliamua kwa kikombe cha maji na miaka arobaini ya ndoa, na mpaka leo sidhani kama amemaliza.

Baadaye jioni nilimuuliza kama naweza kuliandika hili. Akauliza husomwa na nani. Nikasema wageni wachache, wapenda katuni. Akafikiri. "Hao waambie. Mgeni hupita tu, hakai na wanangu."

Lakini niliporudi ndani baada ya kupiga simu hakuniuliza kitu. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, kwa hiyo nadhani alisikia yote. Alichota maji mtungini, akanipa kwa mikono miwili, akabaki amesimama mbele yangu.

Nilikunywa namwangalia usoni mpaka kikombe kikaisha.

Kesho mafundi wakifika watatukuta tumeshaamka. Nimeshaweka jembe karibu na mlango. Juu ya paa nitapanda mimi kwanza, nilime udongo taratibu, nao wazipokee boriti kwa chini, moja moja.

Mimi ndiye mwepesi kuliko wote.