Macho ya Khulud

Kurasini, 12 Agosti 1994

Kaka Zahor,

Shikamoo. Sie wazima. Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu.

Ile kamera uliyonitumia toka Maskati, ukacheka kwamba nitapiga ukungu mtupu, sasa ndiyo inayonipa jina. Kwenye harusi, mwanamume haingii upande wa wanawake, kwa hiyo naitwa mie, mpaka Ukonga. Mwanzoni nilikuwa nalenga dhahabu, maana ndiyo wenye harusi wanayotaka ionekane, na nyuso zikatoka na ukungu. Siku hizi nalenga macho. Nabana viwiko mbavuni, nazungusha lenzi polepole mpaka nione kope moja moja, nazuia pumzi, ndipo nabonyeza. Fundi anayenisafishia picha kaniuliza nani kanifundisha. Nimemwambia, hakuna.

Ijumaa iliyopita nilimpiga picha bibi harusi Khulud. Ndiyo, huyo huyo uliyemposa. Najua uliandika kwamba akiolewa na mwingine, basi baba yake kamlazimisha, nawe utapanda ndege uje umtoe. Sibishani nawe, nimekuwekea picha yake humu. Sijapata kupiga nzuri kama hii. Ile uliyompiga wewe siku ya Idi, unayolala nayo chini ya mto, ina ukungu, na mtu huona humo anachotaka. Hii haina.

Mtazame macho, kaka. Kisha ile nauli ya ndege ninunulie lenzi nyingine.

Mdogo wako asiyetetemeka mkono,
Hayat