Nilimkata Kisigino Madam Wangu, Naye Hakusikia

Mpendwa Shangazi Dufie,

Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana msaada ninaoutafuta siwezi kumwomba mtu anayenijua, na mama yangu nikimpigia simu huko Sefwi ataanza kulia kabla sijamaliza salamu. Nina miaka ishirini na nne, najifunza kazi ya saluni hapa Kumasi kwa Madam Konadu, upande wa kucha na miguu, huu mwaka wa tatu, na Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya kanisa ndiyo siku yangu ya kuhitimu na kuwekwa huru nijitegemee, kadi zimeshagawiwa, sare zimeshashonwa, na wanafunzi wa zamani wa Madam, wote thelathini na mmoja, wameshasema watakuja, hata wale wa Obuasi na Techiman.

Sasa kwetu kuna desturi. Kabla Madam hajakumwagia poda ya pongezi na kukupa cheti, unakaa kwenye kigoda mbele ya wageni wote, unaiweka miguu yake mapajani mwako, unaitengeneza mwanzo mpaka mwisho, na sehemu wanayoingojea watu ni ya wembe, pale unapokwangua kisigino mpaka kinakuwa laini kama cha mtoto mchanga, kwa sababu wembe ndio uliompa Madam jina, wanawake wa mtaa wetu wa Bantama wakiwa na msiba Jumamosi utawaona Alhamisi na Ijumaa wamejaa kwetu mpaka barazani, wanataka visigino vya kuvalia viatu vya wazi.

Shangazi, huyu mama nampenda. Nilipokuwa na miezi minne tu kazini nilimkata mteja kidole gumba, mwalimu mstaafu mwenye mdomo, Madam akachukua kile kikata kucha mkononi mwangu, akamwambia yule mwalimu kwamba kosa ni lake yeye, alinipa kifaa kibovu, akaomba radhi mbele ya saluni nzima, na jioni hakunigombeza, alinimegea nusu ya kenkey yake, lile donge la mahindi, na samaki akasema kuanzia hapo nimtengeneze yeye miguu kila Jumatatu mpaka mkono wangu utulie. Kwa hiyo kazi yote ninayoijua nimejifunzia kwenye miguu yake.

Mwezi wa tatu wauguzi wa kliniki walituita wanafunzi wa saluni zote za mtaa wetu, siku mbili, wakatufundisha kwamba maji yawe ya vuguvugu na uyapime kwa kiwiko, ukucha ukatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni, ile ngozi ya kwenye shina la ukucha isukumwe taratibu isikatwe, katikati ya vidole pakaushwe, beseni lisuguliwe kwa sabuni na dawa kila mteja anapoondoka, wembe usiguse mguu wa mtu kamwe, na kabla hujaushika mguu wowote umuulize mwenyewe kama ana kisukari, maana kisukari kinaweza kuua hisia za miguu na kidonda kidogo kikageuka balaa. Nilirudi nikamweleza Madam yote hayo, akacheka mpaka akashika mbavu, akaniita Nesi mbele ya wateja, na jina likaniganda.

Lakini mimi nikaanza kumwangalia. Maji yananichoma vidole mimi, yeye anasema ongeza ya moto. Kila saa ana kiu na kila saa yuko chooni. Siku moja nilimkuta na sindano ya kushonea nywele imezama kwenye wayo, alikuwa ameikanyaga asubuhi na ametembea nayo mpaka adhuhuri, akaichomoa huku anaongea na mteja, akaniambia wanawake wa zamani walikuwa wagumu, siyo nyinyi wa siku hizi. Nikamuuliza kama amewahi kupima sukari, akanijibu nikampime bibi yangu.

Sasa nafika kwenye lile nililoshindwa kumwambia mtu. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi ya siku yenyewe, akasema nitumie wembe kama kawaida, nikatumia, ingawa najua, nilitumia kwa sababu ni yeye aliyesema, naye akasinzia kwenye kiti, mkono wangu ukateleza, nikamkata kisigino, na siyo kidogo, nyama niliiona. Damu ikatoka. Na hakushtuka, Shangazi, hakuvuta hata mguu, aliendelea kukoroma. Nikakandamiza kwa taulo mpaka damu ikakatika, nikampaka mafuta, nikamvisha soksi, alipoamka akauliza soksi ya nini, nikamwambia leo kuna ubaridi. Leo ni siku ya saba. Soksi havui, anakanyagia ubavu wa mguu anapotembea, na jana alipopita karibu yangu nilisikia harufu.

Nikisema, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenifunika aibu yangu, na pengine sitawekwa huru kabisa, na kila mtu atajua Madam Konadu wa visigino ana miguu isiyosikia. Nikinyamaza, siku ile nitaushika mguu huo huo mbele ya watu na wembe mkononi. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, nimefikiria kutafuta wembe butu, nimefikiria hata kukimbilia kwa mama. Nifanye nini?

Nesi wa Uongo, Kumasi

SHANGAZI DUFIE ANAJIBU

Wewe Nesi wa Uongo, gazeti hili hutoka Ijumaa, na barua yako, uliyomtuma mtu ailete mkononi, niliifungua Jumanne asubuhi chai yangu ikiwa bado ya moto. Kidonda hakisomi gazeti. Kwa hiyo sikungoja kuandika. Nilichukua namba uliyoiweka nyuma ya bahasha nikakupigia, na wewe ukaanza kunisalimia kwa taratibu zote, hali ya nyumbani, hali ya wajukuu, mpaka nikakukatiza. Wasomaji wetu hawakuwepo, basi niwasimulie. Madam mwenyewe ameniruhusu, amesema niandike yote, na majina nimeyabadilisha.

Nilikuuliza Madam yuko wapi. Ukasema amekaa mlangoni anapanga chupa za rangi. Nikakuambia nenda ukamwambie sasa hivi, na simu usiikate. Ukaomba ungoje jioni, nikakataa. Ukaomba umalizane na mteja kwanza, nikakuuliza kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa kupakwa rangi mguu mmoja. Basi nikasikia ndala zako zikiburuzika, kisha sauti yako, ndogo kabisa.

"Madam, ile Jumatatu nilikukata. Kwa wembe. Ulikuwa umelala."

 Halafu nikamsikia yule mama.

"Najua. Ulidhani hiyo soksi ilijipaka damu yenyewe?"

Ukamuuliza kwa nini hakusema kitu. Akajibu polepole, "Ungejua kwamba nimejua, usingeshika tena mguu wa mtu. Nimekulea miaka mitatu, nikupoteze kwa sababu ya kisigino?"

Hapo mlianza kulia wote wawili, na mimi huku nikatafuta leso, sioni haya kusema. Lakini machozi nimeshayafuta, na nina neno kwa kila mmoja wenu.

Wewe binti, kuteleza mkono siyo dhambi, kila anayeshika kifaa chenye makali kitamteleza siku moja. Nakugombeza kwa mambo mawili. Uliushika wembe huku unajua, ukasema ni kwa sababu Madam aliamuru. Heshima ya namna hiyo itakufanya uwaumize watu huku umeinamisha kichwa vizuri. La pili ni ile soksi. Ulipomwambia kuna ubaridi, ulimnyima siku saba za kutibiwa, na kwa mguu wa kisukari siku saba ni nyingi sana. Ukimkata mtu, mwambie pale pale, osha, funga, mpeleke. Ukimkata kesho, fanya hivyo kesho.

Na wewe Madam Konadu, dada yangu, maana tu rika moja. Uliniambia kwenye simu kwamba umeujua ugonjwa huu miaka minne, na karatasi ya hospitali umeificha kwenye boksi la wigi, ukiogopa kwamba hakuna atakayeleta miguu yake kwa mwanamke mwenye miguu mibovu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulimficha mtoto huyu jeraha ili asivunjike moyo, na mapenzi hayo nayaona, yananigusa, lakini fikiri kidogo: ungekatwa mguu na daktari, huyu angeishi vipi? Ungekuwa umemwachia mzigo wa maisha yake yote ukidhani unamlinda.

Jumatano nikapiga tena kuhakikisha. Mlikwenda kliniki mkiwa mmeshikana mikono, nimeambiwa. Wamesafisha kidonda, sukari ilikuwa juu sana, dawa ameanza, na atarudi kila baada ya siku mbili kufungwa upya. Muuguzi amesema mguu una matumaini mazuri mkifuata masharti, na amesema pia kwamba mngengoja wiki mbili nyingine asingeyasema hayo.

Basi masharti ni haya, na wewe Nesi ndiye utakayeyasimamia, jina alikupa mwenyewe. Kila asubuhi na kila jioni unaziangalia nyayo zake, juu, chini na katikati ya vidole, kwa sababu yeye hazisikii na lazima awepo wa kusikia kwa niaba yake. Ndani ya saluni anavaa viatu vilivyofunika vidole, sindano zimejaa sakafuni humo. Beseni la maji ya moto aliepuke. Nyembe zote za visigino mzifunge ndani ya kopo lenye mfuniko mkawape kliniki wazitupe wao, msizitie kwenye taka mkamkata mzoa taka bure. Visigino vya wateja mtavisugua kwa jiwe na tupa, taratibu, na mteja akilalamika kwamba si laini kama zamani, mwambieni arudi wiki ijayo, kisigino hakilainiki kwa siku moja.

Sasa Jumapili. Madam ameniuliza desturi ifutwe au vipi. Nikamwambia hapana, usiwaudhi watu walioshona sare.

Kaa kwenye kigoda kama walivyokaa wenzako wote. Madam avue kiatu, bandeji ionekane. Usiguse kitu. Waambie wazime muziki, kisha umuulize kwa sauti ya kufika nyuma, kama unavyotakiwa kumuuliza mteja yeyote: Madam, una kisukari? Atajibu. Ameniahidi atajibu, na sauti ilimtetemeka alipoahidi, kwa hiyo mpe muda, usimkimbize. Wale thelathini na mmoja walioketi mbele yako, kila mmoja ana wembe kwenye mkoba wake na foleni ya wateja Ijumaa ijayo, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kuuliza swali hilo. Watalisikia siku hiyo, na jibu watalisikia kwa mtu wanayemwamini kuliko kliniki nzima.

Ukishajibiwa, mwambie mbele yao kwamba mguu huu huutengenezi mpaka kliniki ikuruhusu. Nawa mikono. Halafu ije miguu yangu mimi, maana nakuja, na visigino vyangu vimepasuka mpaka wajukuu wanavicheka, sukari nimepima juzi na iko sawa, lakini uniulize na mimi vilevile. Utanitengeneza kwa maji ya vuguvugu, bila haraka, na wakinung'unika wageni waache wanung'unike.

Kujua mguu wa kuuacha ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizofundishwa, na ukiifanya mbele ya aliyekufundisha, cheti hicho ni chako kwa haki. Madam akitaka kuinuka pale pale akukumbatie, mkumbatie kwa nguvu zako zote, lakini avae kiatu kwanza.