Friji ya Mkopo

Mdogo wangu Rodney,

Theluji imeanza, na friji ya mama imekufa, kwa hiyo maziwa nayaweka barazani. Nilitaka friji ya mkopo. Lakini tangu mtu akope kwa jina langu, nimelifunga kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo, lisikopeshwe tena. Kulifungua lazima nipige simu, nithibitishe kuwa mimi ni mimi.

Binti wa ofisi hiyo akanisomea anwani tatu kwenye simu, akasema moja imeandikwa kwenye mikopo yangu. "Uliishi kwenye ipi, mama?"

Moja ni yako, Rodney, na sijawahi kulala hapo. Nikasema hakuna.

"Umekosea, mama. Jaribu kesho."

Kesho yake nikasema niliishi kwako.

"Haya, sasa tumekutambua."

Friji imefika. Fomu ya polisi ya kuripoti wizi wa jina langu nimeibandika mlangoni mwake. Kila nikifuata maziwa naiona: pale pa jina la mwizi bado pako wazi.

Ni mimi dada yako,
Marlys