Ukuta wa Mbele Ni wa Serikali

Siku ya ine ya juma, jioni inaanza. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, haujaona sababu ya kuondoka. Maharage niliyoanika nimeyarudisha ndani yakiwa na maji kama nilivyoyatoa. Miguu inaniuma. Hasira haijapoa, kwa hiyo naandika.

Leo nimewadharau watu wengi, na sijamaliza.

Nianze na shemeji yangu Sadiki, mdogo wake mume wangu, Baba Furaha. Tangu aingie chama, Sadiki hasalimii tena, anahutubia. Juma lililopita, sisi tukiwa shambani, alikuja na kibao chenye alama ya chama chake, akakipigilia kwenye ukuta wetu wa mbele, ule unaotazama barabara inayopanda Masisi. Hakuuliza mtu. Niliporudi na mzigo wa mihogo, nilikuta nyumba yangu inasema maneno ambayo mimi sijasema.

Nilitaka kukitoa palepale, kikachemshe chakula. Mume wangu akakataa.

"Acha ikae," alisema. "Nyumba iko yetu. Hakuna mutu wa kutuuliza."

Mtu wa kutuuliza alifika jana.

Alikuwa karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wazungu, na polisi mmoja nyuma yake. Yule karani namjua, mama yake tunalima naye upande mmoja wa kilima. Siku hizi amevaa soksi ndefu na amesahau majina yetu. Alisimama uani akatangaza kwamba ni marufuku kuweka alama ya politike kwenye nyumba inayotazama barabara, bila ruhusa ya Bwana wa teritwari.

"Hata nyumba ya mutu mwenyewe?" Baba Furaha aliuliza.

"Nyumba iko yako, Papa. Ukuta ya mbele iko ya serikali, sababu inaangalia barabara ya serikali."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nikamwambia basi serikali ikuje kuukandika, maana mvua ikiupiga ni mimi peke yangu ninayekanyaga udongo. Alimwashiria polisi kwa kidevu. Polisi aliking'oa kibao kwa chuma, akaondoka nacho pamoja na kipande cha ukuta kikubwa kama sinia. Sasa ninapolala naiona barabara yao vizuri sana.

Mambo yangeishia hapo. Lakini huko chini, kwenye lango la yule muzungu wa shamba la pareto, kuna kibao cha chama cha rafiki zake, kikubwa kama mlango wa kanisa, na kinatazama barabara ileile. Kila mtu anakiona. Mume wangu alikosea kwa kukitaja.

"Na ile ya Bwana wa pareto?" aliuliza. "Ukuta yake iko ya nani?"

Wakamfunga mikono.

Sadiki alipopata habari, alishuka Shasha, kando ya ziwa. Eti kununua samaki! Mke wake hajawahi kuona samaki kutoka mkononi mwake tangu ndoa. Shujaa wa nyundo.

Leo alfajiri nilifunga viazi kwenye majani, nikaenda kwenye ofisi ya teritwari. Nilisimama nje mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikaitwa. Bwana alikuwa amekaa, karani amesimama kando yake kutafsiri, na Baba Furaha alikuwa ameletwa kutoka buloko, jela yao. Mdomo wake umevimba.

Bwana alisema mume wangu atatoka leoleo akitaja aliyepigilia kibao. Asipotaja, atapelekwa mbali. Tangu jana amekataa kusema.

Baba Furaha alinitazama. Nilielewa. Sadiki ni mpumbavu, lakini wamenyonya titi moja.

Na mimi jina lilikuwa kwenye ulimi, Mungu anajua. Ningelitaja kwa furaha. Ningewaonyesha na njia ya Shasha.

"Ni mimi," nilisema. "Njo mimi nilipigilia."

Karani alinikodolea macho, kisha akatafsiri. Bwana akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta. Karani alisubiri kuona kama anaruhusiwa, ndipo akacheka naye. Kisha nikaelezwa, polepole, kama mtoto: wanawake hawapigi kura. Asiyepiga kura hana politike. Kwa hiyo kibao alichopigilia mwanamke si cha politike, ni pambo la nyumba tu, kama maua.

"Mupeleke mume wako nyumbani," karani alisema. "Na usirudie."

Sijawahi kutukanwa na kusaidiwa na mdomo mmoja kwa wakati mmoja.

Wanaogopa ubao wenye rangi kwenye ukuta wa udongo. Wanatuma polisi na chuma kuja kuupiga vita. Halafu mtu mzima anasimama mbele yao, anawadanganya machoni, nao wanaona maua. Hiyo ndiyo akili inayotutungia sheria.

Tulipanda kilima, mimi na Baba Furaha. Alikula viazi upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ana haya, mwanaume kutolewa buloko na mkewe, na nilikuwa nimejiandaa kumdharau na yeye pia ili hesabu itimie. Tulipofika pale barabara inapoachana na njia yetu, akasimama.

"Mama Furaha. Kama wangekuacha upige kura, ungemupa nani?"

Tangu anioe ameniuliza habari za mbegu, za watoto, za chumvi. Hilo hakuniuliza hata siku moja. Hakuna aliyeniuliza, wala masista walionifundisha kuandika, wala Sadiki na hotuba zake.

Nilifungua mdomo ili nimjibu kwa ukali, kama kawaida yangu. Hakukuwa na kitu. Watu wa kuwanyima ninawajua wote, tangu Masisi mpaka Pinga. Wa kumpa sikuwa nimewahi kumtafuta.

"Sijui," nilisema.

"Fikiria basi," akasema, akatangulia mbele. Hakuwa anatania.

Sasa yuko nje, namsikia anakanyaga udongo wa kuziba ukuta. Anaukanyaga vibaya, una maji mengi, na kwa kawaida ningekuwa nimeshatoka kumwambia.

Ninafikiria.