Nilishukia Nyegezi

Magu, Jumamosi jioni. Mvua imekatika, nje matope na kelele za vyura. Ndani nimejifunika kanga mpaka kichwani, wanadhani naumwa. Siumwi. Naona aibu tu.

Muda wote niliokuwa Muscat nikifanya kazi za ndani, bibi aliyenilea alikuwa na swali moja kwenye simu: "Utashuka na ndege lini?" Uwanja wa ndege alikuwa hajawahi kufika. Nikamwahidi leo, ndege ya asubuhi, Mwanza. Sikumwambia kwamba tiketi ya bosi inaishia Dar.

Dar nikapanda basi. Na sikuwa peke yangu! Pembeni yangu alikaa msichana wa Geita katoka Dubai, nyuma yetu wawili wa Bunda wametoka Doha, mabegi yetu yote bado yamezungushiwa nailoni ya uwanja wa ndege. Tulicheka sana. Tukasema angetokea mwenye ndege akatuleta moja kwa moja mpaka huku ziwani, viti tungemjazia wenyewe.

Leo alfajiri nikashuka stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza. Nikaoga bafu la stendi, nikavaa gauni jipya, nikajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya. Kisha nikachukua bajaji kwenda uwanja wa ndege.

Kule niliwaona kabla hawajaniona. Kirikuu cha mjomba, kigari chake cha mizigo, kimefungwa vitambaa. Bibi na kitenge chake cha Pasaka, taji la maua ya plastiki mkononi, macho yote kwenye mlango wa abiria. Nikazunguka ukuta, nikatokea pembeni naburuta begi.

"Jamani, nimefika!"

Vigelegele vya mama mdogo vikaanza, vikakatika. Mjomba akanitazama juu mpaka chini.

"Umefika na ndege ipi? Wametutangazia sasa hivi, imechelewa. Hata Dar haijaondoka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hata kuuliza kama ndege imetua sikuuliza, mjinga mimi. Nikaanza kulia palepale, nikakiri nimekuja na basi. Shikamoo yenyewe nilikuwa bado sijampa bibi.

Yeye akanisogelea, akanivisha taji. "Mwacheni mjukuu wangu. Kwani tulikuja kupokea ndege?"

Ila akakataa kuondoka. Alisema katoka Magu kuiona, ataiona. Basi tukasubiri wote, mimi na maua yangu shingoni. Ilipotua, bibi alipiga vigelegele peke yake. Abiria wakatoka, mmoja akaona taji langu akaniambia, "Karibu nyumbani, dada." Nikaitikia asante. Mungu anisamehe.

Njiani kwenye kirikuu bibi alinishika mkono. Aliniuliza kama nilikula kwenye basi, hilo tu. Kumbe miaka yote ile nilidhani ananisubiri nishuke na ndege, nikamfanya mtu wa makuu, mwanamke aliyenilea kwa kulima mpunga wa watu. Hicho ndicho kinachonichoma.

Kesho baada ya ibada majirani watakuja kunisalimu, na hakosi mmoja wa kuulizia ndege. Jioni hii bibi ameniletea uji, akaninong'oneza: "Wakiuliza, niachie mimi. Nitawaambia ulishuka nayo, nilikuona kwa macho yangu."

Bibi yangu, mzee wa kanisa, yuko tayari kudanganya kwa ajili yangu.

Hapana. Kesho nitamtangulia kusema. Nilishukia Nyegezi.