Sabuni Kwenye Maji ya Moto

Esta mdogo wangu, salamu kutoka mvukeni,

Nakuandikia nikiwa juu ya jiwe, kanga bado mbichi, mwili umelegea kama wa mtoto aliyeogeshwa. Hapa bonde la Songwe maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na alfajiri unaona vichwa tu vya wanawake vikielea kwenye mvuke kama vibuyu. Unaosha miguu mtoni kwanza, ndipo unaingia. Humo ndani ni marufuku sabuni, na ni marufuku ugomvi. Hili la pili sikuambiwa.

Goti langu hili la kutembelea fimbo lilipoanza tu kulainika, mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka akajipaka sabuni ya mche humo humo. Povu likanifikia mdomoni.

"Mama, hili si karai lako!"

"Mayo," akaniita mama kwa lugha ya kwao, "maji ni ya Mungu."

"Ya Mungu, ila uchafu ni wako!"

Wenzetu wakatutoa sote wawili. Hata mimi niliyesema haki! Siku nzima kwenye lori la kahawa kwa ajili ya goti, halafu nakaa kwenye baridi kando ya mkosaji, meno yanagongana. Yule mama akanifunika kitenge chake kikavu, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikanda goti. Tulipoitwa kurudi, nilishuka bila fimbo.

Bado nasema alikosa. Ila kesho nitamtafuta anikande tena.

Natamani ungekuwa hapa, kichwa chako kikielea karibu na changu. Mlale salama wote hapo Itaka.

Dada yako, Rahabu